Kubaunsi ala za kompyuta: kutoka MIDI hadi treki za sauti, hatua kwa hatua

Mwimbaji mmoja alinipigia simu jioni. "Kaka, ile ngoma yetu ya kwanza, hebu ifungue tena, kuna watu wanataka tuipige na bendi." Nikafungua mradi. Sauti yake ipo, gitaa lipo, kila kilichopita kwenye maikrofoni kipo. Kinanda, besi, marimba na nyuzi za nyuma: kimya. Leptopu niliyotengenezea biti ile ilishakufa, na hii mpya haikuwa na plagini mbili nilizotumia, yaani zile programu ndogo zinazotengeneza sauti za ala. Nota zote zilikuwa mahali pake, zimejipanga kama mahindi shambani, lakini hakuna hata moja iliyotoa sauti. Nikahangaika siku mbili kutafuta vinanda vinavyofanana. Aliposikiliza alinyamaza kidogo, akasema, "Nzuri, ila siyo ile."

Tangu hapo sihesabu kazi kuwa imekwisha kabla ala zake zote hazijawa treki za sauti. Wengine studio huita kubaunsi, wengine kurenda, wengine kutoa stemu, yaani faili la sauti la kila ala peke yake. Nitaonyesha kwanza kwa Reaper, programu ya kurekodia na kutengenezea muziki, kwa sababu inakwenda hata kwenye mashine dhaifu na unaweza kuijaribu siku 60 bila kupunguziwa chochote. Kisha nitapita kwenye FL Studio, Logic, Live na Cubase, maana kanuni ni ile ile, vitufe tu ndivyo vinavyotofautiana.

Solfa haiimbi

Aliyewahi kuimba kwaya anaijua karatasi ya solfa: d, r, m, f, s. Karatasi ile haina sauti. Ipe kwaya mbili tofauti na utasikia nyimbo mbili tofauti zenye nota zile zile. MIDI ndiyo hiyo karatasi. Ilitoka mwaka 1983 ili kinanda cha kampuni moja kiweze kukiamrisha cha kampuni nyingine, na hadi leo inachobeba ni amri tu: bonyeza nota hii, kwa nguvu ya kiasi hiki kati ya 0 na 127, sasa achia. Sauti yenyewe inapikwa na plagini wakati huo huo unaposikiliza. Plagini ikiondoka, umebaki na karatasi mkononi.

Na plagini huondoka. Mwaka 2019 Apple walipotoa macOS Catalina, programu zote za biti 32 zilikoma kufunguka kwenye kompyuta zilizohamia huko. Mwaka 2022 Steinberg, ambao ndio waliobuni VST (mfumo unaotumiwa na plagini nyingi), walitangaza kwamba wanaanza kuiacha VST2 na kubaki na VST3. Ongeza leseni iliyoisha, diski ya sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa ambavyo plagini huvicheza) iliyosahaulika nyumbani kwa rafiki, na plagini za kraki, zile za wizi, ambazo ndizo za kwanza kukuangusha siku mteja amekaa nyuma yako.

Kuna sababu nyingine inayowagusa zaidi wanaofanya taarab, au muziki wowote wenye nota za kuteleza. Mapambo ya fidla au ya kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab) ukiyapiga kwa gurudumu la kupinda nota, MIDI haiandiki umepinda hadi nota gani. Inaandika gurudumu limesogea kiasi gani tu, na plagini ndiyo inayoamua kiasi hicho ni nusu toni mbili au kumi na mbili. Mtumie mwenzako MIDI ile, yeye kinanda chake kimewekwa tofauti, na fidla yako ya maringo itageuka king'ora cha ambulansi. Ukimtumia sauti, anasikia ulichosikia wewe.

Faida ya kompyuta kupumua sitaielezea sana; kila mwenye leptopu ya RAM ya GB 4 anaijua. Sauti iliyokwisha kubaunsiwa unaweza pia kuikata, kuigeuza kinyumenyume au kuivuta, mambo ambayo kwa nota hayatoi matokeo yale yale.

Kabla hujagusa kitufe

Hifadhi mradi kwa jina jipya. Usifanye kazi hii kwenye nakala pekee uliyo nayo. Umeme ukikatika katikati ya kurenda unaweza kupata faili lililoandikwa nusu, na mradi wa asili ni bora uwe umelala salama pembeni.

Fungua mipangilio ya mradi (kwenye Reaper ni Alt na Enter) na uangalie kasi ya sampo, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. Muziki wa kawaida unakwenda 44,100 kwa sekunde; ukijua kazi ni ya video, weka 48,000 tangu mwanzo. Usibadilishe katikati. Aina ya faili iwe WAV ya biti 24. Kwa mpangilio huo wa 44,100, dakika moja ya stirio inakula karibu MB 16, yaani wimbo wa dakika 4 ni kama MB 64 kwa treki moja, na treki 16 zinafika GB 1. Angalia nafasi ya diski sasa, si baadaye.

Kisha zima kila kitu ulichoweka kwenye masta, njia ya mwisho ambako treki zote hukutana: limita, kompresa, ile plagini ya "kupaza" uliyoiweka ili mteja afurahi. Treki za sauti zitoke kama zilivyo. Kwenye kila treki ya ala, kilele kiwe kati ya −12 na −6 dB. Ukiona taa nyekundu ndani ya plagini yenyewe, punguza sauti ndani ya plagini, kwa sababu sauti iliyopasuka mle ndani haishoneki kwa kushusha kitelezi cha miksa.

Mwisho, hakikisha kila ala ina treki yake. Kama marimba na kinanda vinatoka kwenye plagini moja kupitia treki moja, vitabaunsiwa vikiwa vimeshikana, na kuvitenganisha baadaye ni sawa na kutenganisha chai na maziwa.

Efekti: ziende na sauti au zibaki?

Hapa maprodyuza hawakubaliani, na mimi nina upande wangu. Efekti ambayo ni mwili wa ala, ibaunsi pamoja nayo: mtetemo wa kinanda cha umeme, mkwaruzo wa besi, kichujio kinachofunguka taratibu kwenye utangulizi. Ukiiondoa, ala si ile tena. Efekti inayoweka ala ndani ya chumba, yaani riverbu na mwangwi, iache nje, kwa sababu mtu wa kumiksi atataka chumba chake, na hakuna anayeweza kuondoa riverbu iliyokwisha kuchanganyika.

Ukisita, baunsi mara mbili: moja kavu, moja na efekti. Ninachokataa ni kuacha kila kitu wazi "ili tuone baadaye". Baadaye ndiyo ile simu ya jioni.

Njia ya kwanza: kurenda bila kusubiri

Kwa ala iliyo ndani ya kompyuta kabisa, hii ndiyo njia ya kuanza nayo. Programu haichezi wimbo, inapiga hesabu, na wimbo wa dakika 4 unaweza kumalizika kabla hujamaliza kumimina chai. Kwenye Reaper:

1. Chagua treki ya ala. Ikiwa ni nyingi, shikilia Ctrl na ubonyeze moja moja.

2. Juu ya mstari wa muda, buruta kuchagua eneo kutoka mwanzo kabisa wa mradi hadi bari kadhaa baada ya nota ya mwisho. Anzia mwanzo hata kama ala yenyewe inaingia kwenye kiitikio. Kimya cha mwanzoni ndicho kitakachokuwezesha kuliweka faili kwenye programu yoyote duniani na likakaa mahali pake.

3. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya jina la treki, nenda "Render/freeze tracks", kisha chagua amri ya kurenda eneo lililochaguliwa kuwa treki za stirio, ile inayoanza na "Render selected area of tracks to stereo" na kunyamazisha za asili.

4. Subiri. Treki mpya itatokea ikiwa na mawimbi, na ile ya zamani itakuwa imenyamazishwa.

5. Ipe treki mpya jina linaloeleweka papo hapo. "Stem 7" haitamsaidia mtu yeyote baada ya mwezi.

6. Sikiliza yote tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo, yote. Nota iliyokwama au sampo ambayo haikupakiwa hujificha kwenye ubeti wa pili, mahali ambapo hakuna anayekagua.

Menyu ile ile ina amri ya kugandisha, "Freeze tracks", na watu wengi huichanganya na hii. Kugandisha ni kwa ajili ya kupunguza mzigo wa kompyuta tu. Reaper inatengeneza sauti kabla ya kitelezi, inaficha nota na plagini, na inakuruhusu kuziyeyusha ukitaka kurekebisha. Kurenda stemu kunachukua pia kiwango cha kitelezi na upande wa kushoto au kulia uliouweka. Kwa hiyo ukirenda treki iliyoshushwa sana, utapata mawimbi membamba kama uzi. Mimi hurudisha vitelezi kwenye 0 kabla ya kurenda stemu za kumpelekea mtu mwingine, na huviacha kama vilivyo ninapobaunsi kwa matumizi yangu.

Besi na kiki (ninasema ile ya ngoma, siyo ya mitandaoni) mara nyingi hazihitaji stirio. Kuna amri ya mono kwenye menyu hiyo hiyo, na faili linakuwa nusu. Lakini sikiliza kwanza. Plagini nyingine za besi zina upana wa bandia, na ukizikunja kuwa mono sehemu ya sauti inajifuta yenyewe.

Njia ya pili: kurekodi kwa muda halisi

Kuna mambo matatu yanayokulazimisha kukaa na kusubiri wimbo upite wote. La kwanza ni kinanda cha nje. Ukituma MIDI kwenda kwenye Yamaha au Korg iliyo mezani, sauti inatengenezwa humo ndani, na kompyuta haiwezi kuipigia hesabu. Lazima irudi kwa waya kupitia kadi ya sauti, na unairekodi kama unavyorekodi gitaa. La pili ni pale unapotaka kuchezea vitufe huku wimbo ukienda: kufungua kichujio kwa mkono, kusukuma mwangwi ujirudie hadi karibu upasuke. La tatu ni plagini zinazogoma kurenda haraka, hasa zile zinazosoma sampo nyingi kutoka diskini.

Kwa ala ya ndani ya kompyuta, kwenye Reaper fanya hivi.

Tengeneza treki mpya tupu chini ya treki ya ala, uite kwa mfano "Kinanda sauti". Shika kitufe cha njia za sauti kwenye treki ya ala na ukiburute hadi kwenye treki mpya; umeunganisha bomba kati yake. Sasa kwenye treki mpya bonyeza kitufe cha kulia juu ya duara jekundu la kurekodi, nenda "Record: output", uchague stirio yenye fidia ya ucheleweshaji. Hapo umeiambia treki irekodi kile kinachopita ndani yake badala ya maikrofoni. Zima usikilizaji wa ingizo kwenye treki hiyo. Usipozima na maikrofoni ikiwa imechomekwa, utarekodi kinanda pamoja na jogoo wa jirani.

Kwa sasa sauti inakwenda masta mara mbili, kutoka treki ya ala na kutoka treki mpya. Fungua njia za treki ya ala na uondoe alama ya kwenda masta. Sauti itapita kwenye treki mpya peke yake.

Ongeza bafa ya kadi ya sauti, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa. Unapopiga kinanda kwa mkono unataka bafa ndogo, mfano sampo 128, ambayo ni karibu milisekunde 3 kwa kasi ya 44,100. Sasa hupigi kitu, nota zilishaandikwa, kwa hiyo weka 1024. Kuchelewa kwa milisekunde 23 hakutakusumbua, na mipasuko itapungua sana.

Rudi mwanzo kabisa, washa duara jekundu la treki mpya, bonyeza rekodi, na uache wimbo uishe pamoja na sekunde kadhaa za mwisho. Usifungue kivinjari wakati huo. Usijibu ujumbe. Kompyuta yenyewe ina kazi.

Baada ya kusimamisha, zima duara jekundu, vunja lile bomba, na unyamazishe treki ya ala.

Mkia

Kosa ninalolisikia zaidi kwenye stemu za watu ni mkia uliokatwa. Nota inaisha, lakini sauti ya nota haijaisha: kuna kamba inayoendelea kutetemeka, riverbu inayofifia, mwangwi unaorudi mara tatu. Ukirenda hadi mwisho wa nota tu, utasikia sauti inakatika kama redio iliyochomolewa.

Hesabu yake inategemea mwendo. Kwenye wimbo wa mapigo 90 kwa dakika, bari moja ya mapigo 4 ina sekunde 2.7 hivi, kwa hiyo bari mbili za ziada zinatosha mambo mengi. Singeli ni habari nyingine. Kwa mapigo 210 kwa dakika bari moja ni sekunde 1.14 tu, na riverbu ya sekunde 3 inavuka bari mbili na nusu. Mtu wa singeli aliyezoea kuongeza bari moja atakata mkia kila siku bila kujua kwa nini ngoma zake zinasikika kama zimepigwa ndani ya kabati.

Kwa lupu, kipande kinachojirudia, mambo hugeuka. Unataka mkia wa mwisho uingie mwanzoni ili lupu izunguke bila kovu. FL Studio ina jibu kwenye dirisha la kutoa faili: "Leave remainder" inaacha mkia uendelee, "Cut remainder" inaukata, na "Wrap remainder" inauchukua na kuuweka mwanzoni. Kwa wimbo mzima tumia ya kwanza, kwa lupu ya tatu. Kwenye programu zisizo na hiyo, rudia lupu mara mbili, renda zote, kisha kata na ubaki na ya pili. Mkia wa ile ya kwanza utakuwa umeshaingia ndani yake.

Ngoma

Ngoma usizibaunsi kwenye faili moja. Kiki peke yake, sneya peke yake, haihati peke yake, na vitu vidogo vidogo kama kayamba na makofi vinaweza kukaa pamoja. Plagini nyingi za ngoma zina njia nyingi za kutokea; utagawa kila kifaa kwenye njia yake, na kila njia kwenye treki yake.

Ukiona mgawanyo huo unakuchosha, kuna ujanja wa zamani. Nakili treki ya ngoma mara nne, na katika kila nakala ufute nota zote isipokuwa za kifaa kimoja. Inakula RAM, lakini haihitaji kuelewa menyu yoyote. Angalia kitu kimoja tu: haihati iliyo wazi na iliyofungwa zikae nakala moja, kwa sababu plagini huzifanya zikatane, na ukizitenga ile ya wazi italia juu ya mwenzake.

Kwenye programu nyingine

FL Studio. Peleka kila ala kwenye nafasi yake ya miksa: chagua ala zako, chagua nafasi ya kwanza unayotaka kwenye miksa, na uziunganishe kuanzia hapo. Chini ya kila nafasi kuna alama ya diski. Iwashe kwa zile unazotaka. Kisha bonyeza Alt na R, na sauti zitarendwa na kuwekwa kwenye orodha ya kucheza. Ukitaka stemu zote kwa mpigo, nenda kwenye kutoa faili la WAV na uweke alama kwenye "Split mixer tracks". Wanaotumia toleo la majaribio wasome hapa mara mbili: linakuruhusu kuhifadhi na kutoa sauti, lakini mradi uliohifadhi hutaufungua tena kama ulivyouacha hadi ununue. Ukifunga bila kubaunsi, umeaga.

Logic. Chagua vipande vya ala, bonyeza Control na B, na dirisha la "Bounce in Place" litafunguka. Weka alama kwenye kuongeza mkia wa efekti, amua kama plagini za efekti zirukwe, na kwenye chanzo chagua kunyamazisha badala ya kufuta. Kusawazisha kiwango, mimi huzima. Ala iliyokuwa ya chini kwa makusudi haina sababu ya kupandishwa. Ukitaka muda halisi, elekeza ala kwenye basi namba 1 (basi ni njia ya ndani ya kupitishia sauti), tengeneza treki ya sauti yenye ingizo la basi namba 1, na uhakikishe matokeo ya treki hiyo yanakwenda kwenye stirio, siyo kurudi kwenye basi lile lile. Ukikosea hapo sauti itajizungusha na kupiga yowe. Punguza spika kwanza.

Live. Bonyeza kulia juu ya treki, "Freeze Track", kisha "Flatten", na nota zimegeuka sauti. Flatten haiachi treki ya asili, kwa hiyo inakili kwanza. Kwa muda halisi, treki mpya ya sauti inaweza kuchukua kutoka treki ya ala moja kwa moja, na unachagua kabla ya efekti, baada ya efekti au baada ya miksa. Chaguo la "Resampling" huchukua kila kinachofika masta, kwa hiyo ukisahau kuweka solo, ile inayoacha treki moja tu isikike, utapata wimbo mzima ndani ya treki ya besi.

Cubase. "Render in Place" ina dirisha la mipangilio linalokuuliza kavu, pamoja na efekti za treki, au njia yote ya sauti, na urefu wa mkia kwa bari au kwa sekunde. Ndilo dirisha lililoeleza mambo vizuri kuliko yote niliyotumia.

Jaribio la kimya

Utajuaje kwamba sauti uliyobaunsi ni ile ile? Masikio yanadanganya, hasa usiku. Kuna kipimo kisichodanganya kirahisi. Washa treki ya asili na treki mpya kwa pamoja, kwenye viwango vile vile ulivyorendea, kisha kwenye treki mpya bonyeza kitufe cha kugeuza mawimbi, kile chenye alama ya Ø. Kila mlima wa mawimbi sasa unakutana na bonde lake. Zikiwa sawa kabisa, utasikia kimya kitupu.

Ukisikia mlio mwembamba wa juu, kuna tofauti ndogo ya muda. Ukisikia riverbu peke yake, uliibaunsi bila riverbu. Ukisikia ala nzima ikipanda na kushuka, kuna otomesheni (miondoko ya vitelezi na vitufe iliyoandikwa kwenye mradi) ambayo haikuchukuliwa.

Kipimo hiki kina ala kinazozionea. Plagini nyingi za sampo hubadilisha sampo kila unaporudia nota ili isisikike kama mashine, na sinthesaiza nyingi huanzisha mtetemo wake popote zinapojisikia. Hizo hazitakupa kimya hata ukibaunsi mara mia. Na ndiyo sababu nyingine ya kubaunsi: ile mara moja ambayo sneya ya kuingilia kiitikio ililia vizuri kupita zote, ukiiacha kwenye plagini hutaipata tena.

Yakiharibika

Faili limetoka kimya. Tazama kwanza kama kuna solo imeachwa kwenye treki nyingine, kisha kama eneo la muda lilichaguliwa, kisha kama plagini ilimaliza kupakia sampo zake. Plagini za majaribio hukatiza sauti kila baada ya muda fulani, na kimya hicho kitaandikwa ndani ya faili lako.

Sauti imekuwa kubwa ghafla, au inasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa. Treki ya nota na treki ya sauti zinacheza pamoja. Zikilingana kabisa sauti hupanda kwa dB 6. Zikipishana kidogo unapata lile pipa.

Sauti imechelewa. Hutokea zaidi kwenye kurekodi kwa muda halisi na vinanda vya nje. Kuza picha hadi uone mwanzo wa nota ya kwanza, pima umbali wake na mstari wa bari, na usogeze faili lote kwa kiasi hicho. Ucheleweshaji wa kinanda hicho hautabadilika sana, kwa hiyo andika namba hiyo ukutani.

Mipasuko midogo. Ongeza bafa, au rudi kwenye njia ya kwanza.

Kuhifadhi na kutuma

Majina yafuate utaratibu mmoja: jina la wimbo, mwendo, ufunguo, ala. "Mwezi_96_Am_besi" inamwambia prodyuza wa Nairobi au wa Lubumbashi kila anachohitaji bila kukupigia simu. Tia ndani ya folda hiyo hiyo na faili la MIDI, picha ya dirisha la kila plagini, na majina ya sauti ulizotumia. MIDI usiitupe. Bendi ikitaka kupiga wimbo ule kwa ala halisi, karatasi ya solfa ndiyo itakayohitajika.

Usitume stemu za MP3. Mbali na kupunguza ubora, MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni, na treki zikipishana kidogo tu mapigo yanalegea. Bando likiwa dogo tumia FLAC, inapunguza ukubwa bila kupoteza kitu. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti.

Kabla hujafunga, fungua mradi mpya mtupu usio na plagini hata moja, weka mwendo wa wimbo, na uburute mafaili yote hadi mwanzo wa mstari. Bonyeza kucheza. Kama ngoma inalia ilivyokuwa inalia, nakili folda kwenye diski ya nje, na nyingine mpe mwimbaji kwenye fleshi aondoke nayo.